Mapigo Mawili Yaliyozidi

Jumatatu, 1 Julai

Siku kubwa! Bosi Hamanaka katukusanya sote wanane mbele ya feni. Tamasha la kiangazi la mtaa limekubali mashine yetu mpya ya mchezo wa ngoma isimamishwe uwanjani, ubavuni mwa jukwaa la dansi. Ikipendwa, kumbi za michezo za Osaka nzima zitaichukua. Isipopendwa, kasema Bosi, kila mtu aanze kukumbuka njia ya kurudi kwa mama yake.

Wimbo ni mmoja tu: Wimbo wa Kaa. Wa mtaa huu huu. Aliuimba Bi Masue, ukarekodiwa uwanjani kabla sijazaliwa. Kazi ni kuiambia mashine pigo liko wapi. Maduara yanashuka kwenye kioo, yakigusa mstari unapiga ngoma. Duara likiwahi au likichelewa hata kwa kufumba jicho, mchezaji anaona kaonewa na kudai pesa yake. Ndiyo kazi yangu. Mapigo manne ni kipimo kimoja. Hesabu vipimo, weka kasi, nenda ukale.

Tutashindana wawili, mimi na binti Iwabuchi. Mshindi atakuwa Mkuu wa Mapigo. Idara ina watu wawili tu, kwa hiyo mkuu atakuwa na mtu kamili wa kumtuma chai.

Iwabuchi kaja Aprili. Huhesabu kwa vidole huku anagonga kisigino sakafuni. Chekechea! Namhurumia. Nimefanya mazoezi ya saini yangu mpya. N ya Nukata sasa ina mkia.

Jumanne, 2 Julai

Mtu mwenye akili hahesabu. Ana programu ya kuhesabu. Nimeitupia wimbo, nikanywa chai ya shayiri, nikarudi: mapigo mia moja themanini na nne kwa dakika. Safi. Nimemletea mke wangu Chizuru nyumbani aujaribu kwenye kompyuta.

Kapiga ubeti mmoja, kaweka fimbo chini, kauliza hii ni ngoma au napigana na mbu.

Kumbe programu imehesabu kila pigo mara mbili. Nikagawa kwa mbili. Tisini na mbili. Ubeti wa kwanza ukatulia kama uji. Ubeti wa pili, ghafla, vurugu! Maduara yote yakaangukia katikati ya mapigo. Nimesikiliza tena na tena. Pale katikati kuna kishindo kidogo, tok, kisha ngoma inanyamaza, kisha wanaendelea. Kipimo kimoja kina mapigo sita. Sita! Kipimo ni mapigo manne. Huo si wimbo, ni uzembe.

Mwingine angekaa hapo kupanga kipimo cha peke yake chenye mapigo sita. Mimi nimechukua mkasi wa kompyuta na kuyakata mapigo mawili yaliyozidi, kishindo na yote. Wimbo umenyooka sasa. Nimemsaidia hata mwimbaji.

Alhamisi, 4 Julai

Ubeti wa tatu unakimbia. Sijui wana haraka ya nini. Nikaona nisihangaike na rekodi ya kale: Bi Masue yu hai, ana kibanda cha ngisi wa kuchoma nyuma ya soko. Aimbe upya, na kile kidude cha kugonga tik-tak kwenye simu. Mpango wa dakika kumi.

Nimefika. Nani kakaa kwenye kreti la bia, mdomo umejaa achari ya biringani? Iwabuchi! Kanisalimu kwa adabu zote. "Kaka Nukata, karibu, Bi Masue anapika vizuri sana." Kumbe anakuja tangu Jumanne. Wanaimba pamoja wakipiga makofi, huku ngisi wanaungua.

Nimewasha kidude. Bi Masue kaanza kuimba. Baada ya mistari miwili kidude kiko huku na yeye yuko kule. Kaigeukia simu yangu: "Nyamaza wewe! Nani kakualika?" Kisha kaniambia, kijana, hicho kidude chako hakijawahi kucheza dansi.

Nimemuuliza kwa upole kwa nini ubeti wa tatu unakimbia. Kasema mvua ilikuwa inakuja. Watu wote walitaka kumaliza kabla ya kulowa. Na ubeti wa pili? Kacheka mpaka kashika meza. Mpiga ngoma alikuwa mumewe, Tokuzo. Siku ile kanywa kidogo. Fimbo ilimponyoka, tok, akainama kuiokota, na yeye Bi Masue akashikilia sauti akimngoja. "Nilimngoja jukwaani, nilimngoja kituo cha treni, maisha yangu yote nilikuwa namngoja yule mwanamume." Tokuzo kafa miaka kumi na mmoja sasa.

Nikacheka naye. Sikuona haja ya kumwambia habari za mkasi.

Jumatatu, 8 Julai

Silaha mpya! Nimenunua Nipponbashi, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, visikilizio visivyo na waya. Muuzaji kasema vinasikika kana kwamba mwimbaji kakaa begani. Bei yake ilikuwa ya chini kwa sababu, kasema, ni vya mwaka jana. Ujinga wa watu. Sikio halina mwaka.

Na tazama faida yake: nimevivaa tu, nikagundua maduara yangu yote yalikuwa yanawahi! Wimbo mzima! Nilikuwa nimefanya kazi wiki nzima kwa masikio ya kiziwi. Nimeyachelewesha yote kidogo kidogo mpaka kila moja likakaa juu ya pigo lake. Barabara. Ningekuwa sijanunua, ningeaibika.

Iwabuchi anatumia vya waya, vimefungwa utepe. Maskini.

Alhamisi, 11 Julai

Kesho ndiyo kesho. Bosi atapiga mwenyewe ngazi zetu mbili, yaani maduara kama kila mmoja alivyoyapanga, kwenye mashine ya majaribio, mbele ya wote. Kwanza Iwabuchi, kwa sababu ni mdogo. Kisha mimi.

Nimepita nyuma ya Iwabuchi nikachungulia. Kipimo cha mapigo sita kakiacha vilevile! Ubeti wa tatu kaupandisha kasi pole pole, kipimo kwa kipimo, na mvua yake. Kazi ya kijinga. Lakini nimeona Bwana Otani wa hesabu akipita, kaanza kutikisa kichwa kwa kuufuata. Otani! Mtu ambaye hata kwenye arusi yake hakutikisika.

Sipendi kuacha mambo kwa bahati. Wenzangu walipokwenda kula tambi baridi, nimefungua mipangilio ya mashine. Kuna sehemu ya kuchelewesha sauti. Ilikuwa sifuri. Nimeweka themanini. Ni sehemu themanini kati ya elfu moja za sekunde, mtu hazioni, ila mikono inazihisi. Iwabuchi akimaliza, nitasema napangusa kioo, nitairudisha sifuri, halafu ipigwe yangu. Hiyo si hila. Ni mkakati.

Ijumaa, 12 Julai

Nitaandika kwa utaratibu.

Bosi kashika fimbo. Ngazi ya Iwabuchi ikaanza. Kapiga kama mtu anayefukuza mende jikoni. Amekosa, amekosa, amekosa. Kioo chekundu kote. Iwabuchi kasimama kashika pindo la blauzi, uso umemwiva. Kasema kwa sauti ndogo, jana haikuwa hivi. Bosi kasema jana hailipi mishahara.

Nikachukua kitambaa changu. Nikasogea. Bosi hakuondoka! Kainyoosha tu mikono mbele ya kioo, kasema, "Weka ya Nukata haraka, mkono ungali moto." Nikasema kioo kina vumbi. Kasema ameona vumbi baya zaidi ya hilo. Nikasema nipanguse japo pembeni. Kaniuliza mimi ni fundi wa mapigo au mtumishi wa hoteli.

Ikapigwa yangu. Kwenye mashine niliyoiharibu mwenyewe. Nikafumba macho.

Makofi! Nikafumbua. Alama kamili! Bosi hajakosa hata duara moja! Kanikumbatia, na yeye hukumbatia watu kwenye mazishi tu. Kasema wimbo umenyooka kama tambi. Mimi ndiye Mkuu wa Mapigo!

Ina maana kipaji changu kinashinda hata mashine mbovu. Sina maelezo mengine.

Baadaye, baada ya chakula: Chizuru kanifungulia bia ya pongezi. Nimevaa visikilizio nitazame taarifa ya habari. Kachukua kimoja, kakitia sikioni, kasema mbona msomaji anafunga mdomo ndipo neno linakuja? Nikatazama. Kweli. Sauti inachelewa.

Inachelewa kiasi gani? Nimepima. Nimepima tena.

Themanini.

Jumatatu, 15 Julai

Sikukuu. Wengine wamekwenda baharini. Mimi nimekuwa na kazi.

Hali ni hii. Niliupanga wimbo kwa visikilizio vinavyochelewa, kwa hiyo uko sawa kwenye mashine mbovu tu. Kwenye mashine nzima, kila duara litachelewa. Kuurekebisha siwezi: Bosi kashaukabidhi, na mtunza mafaili mwenye nywila ni Iwabuchi. Chizuru kanishauri niseme ukweli. Anasema ni neno moja tu, "nimekosea". Huyu mwanamke hajawahi kuwa mkuu wa idara.

Jibu liko wazi. Kama wimbo haulingani na mashine, mashine ilingane na wimbo. Nimekwenda ukumbi wa mtaa, ambako mashine ya tamasha imehifadhiwa. Nikamwambia mlinzi nakagua. Nimeweka themanini. Dakika moja! Mashine za kumbi za Osaka zikija, nitazipitia moja moja. Ni mazoezi mazuri ya miguu.

Alhamisi, 18 Julai

Iwabuchi ni tatizo.

Hakulala na uchungu wake kama mtu wa kawaida. Kaifungua mashine ya majaribio, kaikuta themanini, kaenda kwa Bosi. Hakumlaumu mtu. Kasema tu kuna hitilafu, labda joto, naye atakuwa anakagua mashine zote kila asubuhi na kuzirudisha sifuri. Bosi kasifu bidii yake. Nami nikaisifu. Ningefanyaje?

Basi tangu Jumanne maisha yangu yako hivi: asubuhi yeye anapita ukumbini anaweka sifuri. Mchana mimi napita naweka themanini. Mlinzi kasema hajawahi kuona kampuni inayopenda mashine kiasi hiki.

Jana Iwabuchi kaniambia kwamba si joto, kuna mtu. Kasema, "Kaka, nisaidie kumtafuta. Wewe una jicho." Nikatafakari. Nikaenda kwa Bosi na kumshauri aunde kamati ya uchunguzi. Kaunda. Mwenyekiti ni mimi. Sasa nina vyeo viwili.

Kwa heshima ya kazi nimemhoji Otani. Ana wasiwasi sana yule. Sijamwondoa kwenye orodha.

Jumamosi, 20 Julai

Nitaandika yote.

Tamasha. Jua la kupasua mawe, nyenje wanapiga kelele mitini, mtaa mzima umevaa kimono nyepesi za kiangazi. Mashine yetu ubavuni mwa jukwaa. Wanunuzi wawili wa kumbi za michezo wamekuja na mikoba. Bosi kavaa tai kwenye joto lile. Imepangwa kwamba wa kwanza kupiga atakuwa Bi Masue mwenyewe.

Nimekuja mapema nikaipitia mashine, nikafungua mipangilio. Jua limepiga kioo, sioni kitu. Haidhuru. Mshale mmoja juu ni kumi. Iwabuchi huweka sifuri kila asubuhi, huyo hakosi. Nikabonyeza mara nane. Themanini. Kwisha.

Nilichokuwa sijui: leo asubuhi Iwabuchi hakupita. Alikwenda kumvalisha Bi Masue. Wiki nzima ananitengulia kazi yangu, na siku moja niliyomtegemea anitengulie, hakutengua!

Bi Masue kapanda. Watu wakashangilia. Wimbo wake wa ujanani ukaanza kutoka kwenye spika. Kapiga kama anavyoimba, kwa mwili mzima. Amekosa. Amekosa. Watoto wakaanza kucheka, wakidhani ni uzee. Yeye hakujali. Hakuwa anatazama kioo hata kidogo. Kafumba macho, anasikiliza. Alikuwa anangoja kitu.

Ubeti wa pili ukafika. Pale. Na wimbo ukapita moja kwa moja, umenyooka kama tambi.

Bi Masue kasimamisha fimbo hewani. Kafumbua macho. Kauliza, si kwa hasira, kama mtu anayeingia nyumbani na kukuta kiti kimehamishwa: "Tokuzo yuko wapi?"

Hata wauza pweza wameacha kugeuza.

Kauliza tena: "Hapa alikuwa anaangusha fimbo. Nani kamtoa?"

Bosi kafunga wimbo, kafungua mipangilio huku akikinga jua kwa pepeo la mkono. Kasema kwa sauti ya kutisha kwamba mashine imechezewa tena. Imecheleweshwa mia moja sitini.

Mimi, mwenyekiti wa kamati, nikaruka. "Mia moja sitini? Haiwezekani! Mimi nimeweka themanini!"

Naomba ieleweke kwamba nilikuwa natetea ukweli wa hesabu.

Otani peke yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kacheka.

Bosi hakunitazama. Kamwambia Iwabuchi aweke ya kwake. Kaweka sifuri, kaweka ya kwake. Bi Masue kakataa kushuka. Kapiga ubeti wa kwanza, maduara yakamfuata kama kuku wamfuatao mwenye mtama. Ubeti wa pili: tok. Maduara yakaacha kushuka. Kioo kikawa kitupu kwa mapigo mawili, kikapita kijifimbo kimoja kinaanguka taratibu. Iwabuchi kakichora mwenyewe. Bi Masue kashikilia sauti. Kasubiri. Kisha ngoma ikarudi na yeye akaipiga katikati kabisa, machozi yanamtoka na anacheka, anasema "Mlevi wewe! Mlevi wewe!" Mtaa mzima ukaanza kucheza kama kaa, kando kando, na wanunuzi wa mikoba wamo.

Ubeti wa tatu wamekimbia wote, na mvua yenyewe hakuna.

Wamenunua. Mkuu wa Mapigo ni Iwabuchi. Mimi Bosi kasema tutaongea Jumatatu, kwa sababu leo ana furaha na hataki kuiharibu.

Jumapili, 21 Julai

Chizuru hakunipa chakula cha asubuhi. Kanipa tikiti maji limefungwa kitambaa, kanionyesha mlango. Kasema nikirudi na tikiti, nirudi nalo kwa mama yangu.

Nimekwenda kwa Bi Masue. Nimeinama mpaka paji la uso likagusa kreti. Nimesema nilimkata mumewe kwa sababu alizidi mapigo mawili.

Kasema wengi waliwahi kulalamika kwamba Tokuzo amezidi, mama mkwe wake akiwa wa kwanza, ila hakuna aliyewahi kumpunguza. Kakata tikiti. Kaniambia nipige makofi, yeye aimbe. Nimepiga. Tulipofika pale nikaendelea tu, kwa mazoea. Kanishika mikono yote miwili, na mikono yake ina harufu ya ngisi.

"Ngoja. Mwache aokote."

Nimengoja. Sijui ilikuwa muda gani. Kulikuwa na nyenje, na moshi, na mama yule katulia anatazama chini kana kwamba mtu yupo pale kainama. Kisha kakubali kwa kichwa, nikapiga.

Nimerudi nyumbani. Chizuru kauliza vipi. Nimesema salama. Kaniwekea wali.

Jumatatu, 22 Julai

Sijafukuzwa! Bosi kasema amenibakiza kwa ombi la Mkuu wa Mapigo mpya, ambaye anadai nina miaka tisa ya uzoefu na pengine uzoefu huo utaanza kutumika. Mimi ni msaidizi wa Iwabuchi. Nimempelekea chai. Kasema asante, kaka. Hakuna kejeli humo, nimetafuta.

Kanipa kazi yangu ya kwanza: wimbo wa bendi ya shule ya mtaa wa pili, tarumbeta na matoazi. Kasema nisitumie programu. Nihesabu kwa mikono na mdomo, kipimo kwa kipimo, tangu mwanzo hadi mwisho. Nimehesabu. Nimegonga hata kisigino. Kwa kweli nimekuwa mtu mwingine, kila anayeniona anasema.

Nimepata vipimo tisini na sita. Yeye kapata tisini na saba. Kasema kwa upole nihesabu tena.

Nimefikiri sana, kwa unyenyekevu wote niliojifunza mwezi huu, na nimeona kosa liko wapi. Bendi imekosea. Kesho nitakwenda shuleni na boksi la keki za maharage, nikaongee na mwalimu wao wapunguze hicho kipimo kimoja na kurekodi upya kabla Iwabuchi hajajua. Watoto wako arobaini tu. Ni rahisi kuwarekebisha wote kuliko mimi kuhesabu tena.